Uji Ulikuwa wa Moto au wa Baridi?

Mtu wa Usingizi alikuwa mfupi, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia. Alitembea kidevu juu, kalamu sita mfukoni, koti jeupe limenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo yake ungeweza kukatia nyanya. Nywele alizipaka piko. Hospitali nzima ilijua, kwa sababu jasho likimtoka piko ilishuka shingoni na kola yake ikawa kama sufuria iliyotoka jikoni. Yeye aliamini ni siri yake na kioo.

Sisi wa Ngara tulimfahamu kabla hajawa mtu mkubwa. Binti yangu, mama yake Oliva, alipopasuliwa kidole tumbo akiwa msichana mdogo, ni yeye aliyemlaza. Wakati huo alikuwa na kalamu moja. Baadaye akaenda kusoma, akarudi, akaenda tena, na mwisho akachukuliwa na hospitali kubwa ya rufaa ng'ambo ya ziwa. Huko ndiko kalamu zilikozaana. Kwetu Mbuba tuliendelea kumwita Mtu wa Usingizi, naye akija kwetu likizo akilisikia jina hilo sokoni alisimama kulikosoa.

"Usingizi kila mtu anao kwake," alisema. "Kulala hata mbuzi analala. Mimi nimesomea kuamsha, na sijapoteza mtoto hata mmoja."

Maneno hayo alimwambia kila mtu, kuanzia daktari mkuu mpaka mfagiaji. Padri wetu alihubiri siku moja habari za ufufuko, akahubiri vizuri, watu wakalia. Mtu wa Usingizi akamngoja mlangoni baada ya misa, akamwambia kwamba ana jambo dogo la kuongezea kutokana na uzoefu wa kazi.

Wapasuaji aliwadharau. Huyo anakata tu, alisema, hata fundi cherehani anakata. Wapasuaji nao walimdharau, lakini kwa sauti ndogo, kwa sababu bila yeye kuinua kidole hakuna kisu kilichogusa ngozi. Nimemwona kwa macho yangu daktari mwenye tumbo kubwa na gari akisimama mlangoni na glavu zake, mikono hewani kama anayetekwa, akingoja ruhusa ya mtu anayemfika kifuani.

Na usingizi wenyewe alikuwa nao wa ajabu. Alilala misani, alilala msibani, alilala kwenye benchi juani mdomo wazi, nzi wakifanya mkutano. Lakini ukimkuta ana mtoto wa kulazwa kesho yake, macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema ni vumbi. Ilikuwa masika.

Jambo lingine ambalo hakulitangaza ni kwamba aliogopa sindano. Mtu aliyechoma maelfu ya mishipa. Siku moja walikuja kuwachanja wafanyakazi wote, wakamtafuta asubuhi nzima, wakamkuta stoo, amekaa nyuma ya mafurushi ya mashuka. Akasema anahesabu mashuka. Wakamwuliza ni mangapi. Akasema wamemchanganya, itabidi aanze upya.

Tena aliniita Bibi. "Shikamoo Bibi." Mimi na yeye tumepishana mvua mbili au tatu, na chini ya ile piko alikuwa na mvi kunizidi. Nilimwitikia marahaba kwa sauti ya kumwadhibu, lakini hakuelewa. Aliona ni heshima.

Sasa Oliva. Alikuwa na miaka saba alipoanza kukohoa wakati wa kuvuna maharage, na maharage mengine yakapandwa na kuvunwa bado anakohoa. Walipima makohozi, hawakuona kitu. Wakapiga picha ya kifua, wakaona kitu kimekaa kwenye pafu la kulia, kikubwa kama kiazi kitamu kidogo. Hapo kila mtu akaanza kuongea na mimi kwa upole, na mimi watu wakinifanyia upole najua kuna jambo. Mama yake alikuwa amejifungua wiki hiyo, kwa hiyo niliyepanda naye basi ni mimi.

Kule hospitali kubwa akaja daktari wa picha, dada kijana aliyesuka vizuri. Akanieleza taratibu. Kile kiazi huenda ni saratani, huenda si saratani, na kwa kukitazama tu hawezi kujua. Ataingiza sindano ndefu katikati ya mbavu, huku mashine ya duara ikimwonyesha njia, anyofoe kinyama kidogo kama punje ya mtama kikapimwe. Kwa kuwa mtoto hawezi kulala tuli sindano ikiwa karibu na pafu, lazima apewe nusu kaputi.

"Na akikohoa katikati?" nikauliza.

"Hatakohoa," akasema mtu nyuma yangu. "Hata pumzi nitamshikia mimi."

Nikageuka. Kalamu sita.

Alifurahi kuniona, nami nilifurahi, ila tulilificha. Akaleta fomu. Akasimama wima akanisomea mabaya yote yanayoweza kutokea, kama katekista anavyosoma matangazo ya ndoa: hewa kutoroka pafuni, damu kuvuja, mtoto kukohoa damu, pumzi kusimama, usingizi kukataa kuondoka.

"Na mazuri yako wapi?"

"Mazuri hayaandikwi, Bibi. Fomu ni ya mabaya tu. Weka dole gumba hapa."

Nikamwambia mimi naandika jina. Nikaliandika, kubwa, likatoka nje ya mstari wakanipa nafasi ya chini yake.

Kwenye benchi nilikaa na mwanamke wa Nyamahanga, upande wa Biharamulo, aliyemuuguza mjukuu wake wa figo. Alikuwa mwema lakini alikuwa na ng'ombe wanne, na ng'ombe hao waliingia katika kila habari. Ukisema mvua, ng'ombe wake. Ukisema figo, ng'ombe wake. Kwa hiyo Mtu wa Usingizi alipoinama kumwuliza Oliva nyumbani wanafuga nini, nilijibu mimi kabla mtoto hajafungua kinywa.

"Tuna ng'ombe," nikasema.

Oliva akanitazama. Nikamwekea kitenge vizuri mabegani.

Wakaniambia kesho asubuhi asile kitu. Hata kidogo. Nikasema sawa. Mwanamke wa Nyamahanga akangoja waondoke.

"Wanasemaga hivyo," akasema. "Mimi wa kwangu nilimpa muhogo, na aliamka."

Nisimsingizie. Hata asingesema, ningefanya. Kwetu mtoto hatoki mlangoni bila kitu tumboni, hata akitumwa kwa jirani kuomba moto. Akipatwa na jambo njiani ana njaa, watu watauliza katoka kwa nani huyu. Sasa mjukuu wangu aende kuchomwa pafu tumbo tupu, kama mtoto asiye na watu? Asubuhi nikaenda kwenye jiko la wauguzaji, nikapika uji wa ulezi mwepesi, nikaumimina kikombe kwa kikombe mpaka ukapoa, nikampa Oliva nyuma ya kamba za kuanikia mashuka. Nusu kikombe. Nikamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge, tukarudi tumenyooka kama watu waliotoka kusali.

Nesi akaja na karatasi. "Amekula?"

"Hajala."

"Amekunywa?"

"Hajanywa."

Akaandika, akaenda. Akaja Mtu wa Usingizi, anapiga mluzi, hana hata karatasi. Akasimama mbele yangu.

"Shikamoo Bibi. Uji ulikuwa wa moto au wa baridi?"

"Wa vuguvugu," nikasema. "Ningempaje mtoto wa moto?"

Mwanamke wa Nyamahanga akaanza kutazama dari. Mimi nilitazama mdomo wangu, kama mtu anaweza kuutazama. Yeye hakugomba. Alivua ile kofia yake ya kitambaa akaiweka mfukoni.

"Mrudisheni wodini," akamwambia nesi. "Kesho."

"Ni nusu kikombe," nikasema. "Maji ya uji si chakula."

"Tumbo halijui kwamba si chakula. Mtoto akilala, kilichomo kinaweza kupanda, na kikipanda kinaingia kwenye njia ya pumzi. Pafu moja tayari ni gonjwa, Bibi. Unataka nifanye kazi na lipi?"

Aibu ikinishika huwa nageuka mkali. Nikamwambia anajidai, kutwa anajisifu kwamba hajawahi kupoteza mtoto, sasa anatisha watu kwa uji. Nilisema kwa sauti, benchi zima likasikia. Nilitaka agombe.

Akaketi karibu yangu. Akiketi miguu yake haikugusa vizuri sakafu.

"Huwa nasema hivyo, ndiyo," akasema. "Nimempoteza mmoja."

Nikamgeukia.

"Zamani, nikiwa na kalamu moja. Nilimwuliza bibi yake kama mtoto amekula. Akaapa. Sikumlaumu, nilijilaumu mimi niliyeuliza vibaya. Tangu siku hiyo siulizi kama mtoto amekula, maana bibi wote wana jibu moja. Nauliza uji."

"Aliitwa nani?"

Akainuka, akazipanga kalamu zake kwa urefu. "Kesho saa moja," akasema, akaenda zake bila mluzi.

Kesho yake Oliva hakugusa kitu. Alilia njaa mpaka akachoka, na mimi nikafunga pamoja naye, isipokuwa chai. Nikaruhusiwa kufika naye mpaka ndani, kwenye chumba chenye baridi, mashine imekaa katikati kama mdomo wa mtungi mkubwa. Hapo nikamwona Mtu wa Usingizi mwingine kabisa. Hakuwa na kidevu. Alikuwa ameinama, ameshika mkono wa Oliva, anaongea taratibu kama anayembembeleza kuku kuingia bandani.

"Oliva, ng'ombe wenu anaitwa nani?"

Mtoto akafungua kinywa.

"Usiniambie sasa. Ukiniambia sasa nitasahau. Utaniambia ukiamka."

Alifanya hivyo kwa kila mtoto, nilikuja kujua. Alimwekea swali, kisha akamlaza juu yake. Akamfunika pua na mdomo kwa kile kikombe cha mpira, macho ya Oliva yakacheza kidogo, yakageuka, akawa amekwenda. Nimezika watu. Sikupenda jinsi alivyolegea. Wakanitoa.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Mwanamke wa Nyamahanga alinieleza jinsi ng'ombe wake wa pili alivyozaa kwa shida. Kisha mlango ukafunguka kwa nguvu, nesi akatoka mbio, akarudi na chupa kubwa na mrija, na mlango ulipokuwa wazi nikasikia mashine inalia, tii, tii, tii, halafu mlango ukafungwa. Mwanamke wa Nyamahanga akaacha ng'ombe katikati ya kuzaa, akanishika mkono.

Nilijua ni uji. Uji wa jana yake, uji wa wiki iliyopita, uji wote niliowahi kupika maishani. Nilimwambia Mungu kwamba ng'ombe hatuna. Sikujua kwa nini nilianza na hilo, ila ndilo lililokuwa karibu.

Alipotoka, kola yake ilikuwa nyeusi mpaka mabegani. Piko yote ilikuwa shingoni, na juu kichwani palibaki mvi tupu, mzee mwenzangu.

"Kinyama kimepatikana," akasema. "Lakini hewa imetoroka kutoka kwenye pafu, ikakaa pembeni, ikawa inalibana. Tumeingiza mrija mbavuni, inatoka. Anapumua."

"Ameamka?"

"Hilo bado." Akajifuta shingo, akaona mkono wake ulivyo mweusi, akauficha nyuma. "Ni jambo linalotokea, Bibi, lilikuwa kwenye fomu. Si uji. Lakini kama lingetokea jana, akiwa na uji..."

Hakumaliza. Mtu yule hajawahi kuacha maneno njiani, hata kwa padri. Siku hiyo aliyaacha.

Wakaniita ndani. Oliva amelala ubavu, mrija umetoka chini ya kwapa ukaingia kwenye chupa ya maji, na maji yanatoa mapovu kama sufuria inayoanza kuchemka. Mtu wa Usingizi akapiga magoti karibu na uso wake.

"Oliva. Ng'ombe wenu anaitwa nani?"

Daktari wa picha alikuwa anatafuna kucha.

"Oliva. Niambie ng'ombe wenu anaitwa nani."

Midomo ikasogea. Akaita mara ya tatu. Mtoto akakunja uso, kama anavyokunja nikimwamsha kwenda shule.

"Hatuna ng'ombe," akasema. "Tuna mbuzi."

Chumba kizima kikanigeukia. Daktari wa picha, nesi, mfagiaji aliyekuwa mlangoni. Nami nikatazama mapovu kwenye chupa kama mtu anayejua kazi ya mapovu.

"Huyu ameamka kabisa," akasema Mtu wa Usingizi, akaketi sakafuni na koti lake la pasi. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, au yalianza machozi, sikuangalia sana. Mwanamke wa Nyamahanga alipopata habari alicheka kwa siku mbili. Alipoondoka aliniahidi ndama. Ndama huyo mpaka leo yuko njiani.

Mrija ulikaa siku tatu ukatolewa. Majibu yakaja: si saratani. Ni kifua kikuu, kilijificha mahali makohozi hayakifikii. Sijawahi kusikia mtu akishangilia kifua kikuu, lakini mimi nilipiga vigelegele wodini, mgonjwa wa kitanda cha tatu akadhani nimerukwa na akili. Oliva akanywa vidonge miezi yake yote, mimi nikisimama juu yake kama askari. Leo ana miaka kumi na mitatu na anakimbia kuliko hao mbuzi aliowataja.

Mtu wa Usingizi akastaafu, akarudi kwao Nyarubungo, upande wa Biharamulo, kulima mahindi. Huko walisema alikwenda shambani na kalamu mfukoni, na alikuwa akiwaeleza vibarua kwamba kupanda kila mtu anaweza. Msimu uliopita wa mahindi tukasikia ana ngiri na atapasuliwa hospitali ya huko Biharamulo. Oliva akasema twende. Nikapika uji, nikaujaza kwenye chupa ya chai, tukapanda basi. Nilisema uji ni wa baada ya kupasuliwa.

Tukamkuta kitandani, amevaa gauni la hospitali lililofungwa nyuma. Nywele nyeupe, piko ameacha. Alikuwa mdogo kama mtoto wa kipaimara. Hakuwa na mfuko, kwa hiyo kalamu alikuwa amezishika mkononi. Akatuambia wanataka kumchoma sindano ya mgongoni afe ganzi kiunoni tu, naye amekataa, wamlaze kabisa.

"Ni kwa sababu za kitaalamu," akasema.

"Mashuka yako mangapi?" nikamwuliza.

Akajifanya hakusikia. Akamtazama Oliva, akamwambia apumue kwa nguvu, akasikiliza kwa sikio lake tupu mgongoni, akaridhika. Mimi nilikuwa nautazama mdomo wake. Kwenye kona ya mdomo palikuwa na mng'ao wa mafuta.

"Chapati ilikuwa nzima au nusu?" nikauliza.

"Nusu," akasema. Kisha akafumba macho polepole.

"Bibi," akasema, "kipande cha chapati si chakula."

Sikungoja. Nilikwenda nikamwita mtaalamu wao wa usingizi, binti mdogo, kalamu moja, nikamshtaki mbele yake. Binti akaogopa, maana mzee ndiye aliyemfundisha. Lakini akasema, "Samahani Mwalimu. Kesho." Mzee alitununia mpaka jioni. Aliniita mwanamke wa kusengenya. Nilimwacha aseme, nami niliwahi kukaa kwenye benchi hilo.

Kesho yake asubuhi walipokuja na kitanda cha magurudumu, alikuwa na njaa na uso wa majivu. Akanipa kalamu zote nimshikie. Nikaona anatafuta neno, na kutafuta neno hakukuwa kazi aliyoizoea.

"Niulize kitu," akasema.

Nilikuwa nimemwandalia la ng'ombe, tucheke. Lakini nilipofungua kinywa likatoka lingine.

"Yule mmoja aliitwa nani?"

Akafungua kinywa.

"Usiniambie sasa," nikasema. "Utaniambia ukiamka."

Wakamsukuma. Mimi na Oliva tukakaa, kalamu sita kwenye mapaja yangu. Oliva aliuliza yule mmoja ni nani, nikamweleza yote, pamoja na habari ya nusu kikombe, ambayo nilikuwa nimemficha miaka sita. Yeye akazipanga zile kalamu kwa urefu.

Tulipoitwa, yule binti alikuwa ameinama kitandani anaita, "Mwalimu. Mwalimu." Akaita tena. Niliona kidevu kinapanda kwanza, kabla ya macho. Akatutafuta mpaka akatupata. Akalitaja jina. Lilikuwa la kike, na alilitaja pamoja na la baba yake, na kijiji, bila kusitasita, kama anayesoma ukutani. Ndugu za mtoto huyo wapo hai, kwa hiyo silisemi hapa.

Alasiri nesi aliporuhusu, nikafungua chupa ya chai. Uji ulikuwa mpya, nimeupika asubuhi hiyo, lakini ulikuwa umengoja. Oliva akamshikia mzee kikombe. Akanywa taratibu, hakuacha hata tone, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge changu bila kuniomba.

"Uji ulikuwa wa moto au wa baridi?" Oliva akamwuliza.

"Wa vuguvugu," akasema, akaomba kalamu zake.